Maji ya Pasaka na Lenzi za Usiku

Justina hakuipenda miwani hata siku moja, wala hakujisumbua kuficha chuki yake. Binti yake Precious alianza kuivaa akiwa darasa la sita, ile minene inayofanya macho yaonekane madogo kama punje za mtama, na tangu hapo mama akawa na ugomvi nayo. Ikidondoka, hasikitiki. Ikipotea, hainuki kumsaidia mwenye nayo kuitafuta. Majirani pale mtaani Bariadi walidhani ni mambo ya uzuri, kwamba mama anaona mwanawe anaharibiwa sura. Walikosea. Mumewe, marehemu Masalu, alikufa haoni. Vikope vilimla macho pole pole huko Ipililo, mtu aliyezoea kumtambua kila ng'ombe wake kutoka mbali, mpaka mwisho akawa anashikwa mkono kwenda chooni. Kwa hiyo kila Justina alipoona vioo vile usoni pa Precious, aliona safari ya Masalu inaanza upya.

"Macho yangu hayaoni mbali tu, mayu," Precious alimwambia mama yake mara nyingi. "Hayapofuki. Watu kibao wako hivi."

"Hata baba yako alisema ni vumbi tu."

Hapo mazungumzo yalikuwa yanakatika. Na ubishi wa watu wawili wanaopendana una ubaya wake, maana hakuna anayetaka kushinda mpaka mwisho.

Mwaka ule serikali ilikuwa imeutangaza mkoa mpya wa Simiyu, na Bariadi yetu ikawa makao makuu. Watu waliokuwa wakilima pamba kwenye viwanja vyao wakaamka wanaitwa wenye ardhi ya mjini. Nyumba za wageni ziliota kila kona. Makampuni ya watu binafsi, ambayo tulizoea kuyaona msimu wa kununua pamba tu na mizani zao za mashaka, yakaja na biashara za kila aina, na moja ilikuwa ya utalii, yenye kambi za mahema kule upande wa pori linalopakana na Serengeti. Ilitaka vijana wenyeji wa kuongoza watalii. Precious alikuwa na cheti cha mambo hayo kutoka chuoni, alikuwa na Kiingereza chake safi, na majina ya ndege aliyajua kwa Kisukuma, Kiswahili na Kilatini. Hakuwa na kasoro ila ile ya puani.

Siku ya usaili, meneja, mtu wa Arusha mwenye kofia pana, alimtazama akacheka.

"Dada, wageni wanalipa waonyeshwe chui juu ya mti. Sasa wewe chui utaonyeshwa na nani?"

Wenzake wakaangua kicheko. Precious akaivua miwani kwa hasira, na meneja akaenda upande wa pili wa uwanja, akampungia mkono, akamwuliza ameinua vidole vingapi. Hakuona hata mkono. Meneja hakuwa mtu mbaya, na alipoona machozi akajutia mzaha wake. Alimwambia kwamba mafunzo yanaanza mwezi wa tisa na mtihani wa porini ni mwishoni mwake, na akipata macho mengine hadi wakati huo, arudi. Pengine alisema hivyo ili kumfariji tu. Precious aliyachukua kama ahadi, na kazi ile ikawa ndiyo anayoilalia na kuiamkia.

Macho mengine aliyapatia kwa Naila. Huyu alikuwa mpwa wa Imrani, mwenye duka la viatu na redio pale sokoni. Alisomea kupima macho Moshi, akaajiriwa kwenye kliniki moja ya binafsi Mwanza, na Jumamosi alikuja Bariadi kupima watu kwenye kona ya duka la mjomba wake, katikati ya makatambuga na spika. Alipoambiwa habari ya chui, alifikiri kidogo, kisha akasema kuna lenzi za kulala nazo.

Justina alikuwepo. Alikuwa amekwenda mahsusi ili akatae.

"Unaziweka jioni unapokwenda kulala," Naila alieleza. "Ni ngumu kidogo, si kama zile laini za mchana. Usiku kucha zinalikandamiza jicho kwa mbele, taratibu, zinalinyoosha. Asubuhi unazitoa, na mchana kutwa unaona bila kuvaa kitu. Ukiziacha siku kadhaa, jicho linarudi lilivyokuwa."

"Yaani ni kupiga pasi?" Justina aliuliza.

Naila alicheka. "Ndiyo hivyo hivyo, mama. Pasi ya usiku."

"Na nguo ikiungua?"

"Haiungui ikifuatwa sheria." Hapo Naila aliacha kucheka, akamgeukia Precious, lakini sauti aliipandisha ili na mama asikie. "Sheria ni usafi. Unanawa mikono kwa sabuni, unaikausha kabisa. Lenzi unaziosha kwa dawa yake, na kikopo chake unakisafisha kwa dawa hiyo hiyo. Maji yasiziguse. Ya bomba, ya kisima, ya chupa, ya mvua, hata tone. Macho hayachezewi."

Justina alisikia kila neno. Hilo ni vizuri lijulikane mapema, asije mtu akasema mama wa watu hakuambiwa.

Alikubali kwa sababu moja. Naila alisema kwamba baada ya hapo miwani itawekwa kabatini. Basi akaenda Ipililo, akauza dume la mwisho lililobaki kwenye zizi la Masalu, na shemeji zake wakamsema mpaka akavuka mto. Precious akaenda kliniki Mwanza, akapimwa na mashine, akarudi na kikopo kidogo chenye vifuniko viwili, cheupe cha kushoto na cha buluu cha kulia.

Asubuhi chache tu baadaye, Precious alitoka mlangoni na mswaki mdomoni, akasimama. Ng'ambo ya barabara, mbali kule kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, lilikuwa limeegeshwa lori. Akaanza kusoma ubavuni mwake, kwa sauti, neno kwa neno, pamoja na namba ya simu ya mwenye lori. Kisha akasoma kibao cha nyumba ya wageni. Kisha akamtazama mama yake, aliyekuwa amechuchumaa kwenye jiko la mkaa, akasema, "Mayu, kumbe una mvi!"

Justina alipiga vigelegele hadi ndege wakaruka paani. Aliruka na mwiko mkononi, analia na kucheka, anaita majirani waje waone. Wakaja. Precious akawasomea lori tena, na tena, kila aliyechelewa akasomewa ya kwake. Felisita wa nyumba ya pili, mwanamke mwenye ulimi mrefu lakini roho safi, akapiga makofi akasema, "Haya, jamani, sasa huyu mtoto ataona hadi mboga tulizopika! Macho yanavyong'aa, utasema ya mtu mwingine."

Maskini Felisita, hakuwa na nia yoyote. Lakini Justina alishika kifua. Furaha yake ilikatika palepale, maana alijua, kama wanavyojua wote waliokulia kwetu, kwamba kizuri kikitangazwa kimeshauzwa nusu. Alikuwa amewaita watu yeye mwenyewe. Amewaonyesha kitu cha mwanawe, wamekisifu, na nani ajuaye jicho gani katika yale lilisifu kwa wivu? Masalu naye alisifiwa macho yake. "Masalu anaona mbuzi aliye kule mbali Sola," watu walikuwa wakisema. Wakasema, wakasema, hadi akapofuka.

Sasa lazima nieleze habari ya dumu.

Justina alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kigango, na Mkesha wa Pasaka kila mwaka alikuwa wa kwanza kufika kanisani na maji ya kubarikiwa. Wenzake huja na chupa. Yeye huja na dumu la njano, maana ana matumizi. Maji yale alinyunyiza kwenye kizingiti, kwenye mbegu za pamba kabla ya kupanda, kwenye simu akisubiri mtu aliyesafiri. Alishamnywesha ndama aliyekataa kunyonya, na ndama akanyonya. Pasaka ya mwaka ule bomba lilikuwa limekauka siku nyingi, kwa hiyo akachota kwenye lambo la ng'ombe lililo nje ya mji, akayachuja kwa khanga mara mbili mpaka yakaonekana maji. Padri Januarius akayabariki pamoja na mengine. Tangu hapo dumu lilikaa chini ya kitanda, na miezi ilikuwa imepita.

Siku iliyofuata ile ya vigelegele, mchana, Precious akiwa kwenye mafunzo ya kampuni, Justina aliingia chumbani kwa binti. Alinawa mikono kwa sabuni, akaikausha kama Naila alivyosema. Mtu wa kufuata sheria, yule. Akafungua kifuniko cheupe, akafungua cha buluu. Akachovya kidole kwenye kikombe cha maji ya Pasaka, akadondosha tone kila upande, kwenye ile dawa ambamo lenzi zilikuwa zimelala zikisubiri usiku.

"Bwana," akasema, "baba yake ulimwachia giza, na mimi sikukuuliza kitu. Huyu niachie."

Akafunga, akaenda kupika. Akafanya hivyo kila mchana.

Msimwite mjinga. Kama Naila angemwuliza, angejibu bila kusita kwamba maji hayajagusa lenzi, na angekuwa anasema kweli yake. Maji ni yale ya kufulia. Yale ya dumu kwake yalikuwa sala, ila yanachoteka kwa kikombe. Ndiyo hivyo tulivyo. Tunaweza kutii mtaalamu asubuhi na kumpinga mchana, na usiku tukalala usingizi mmoja.

Precious aliupita mtihani wa porini. Meneja alimsimamisha juu ya gari, akamwambia ataje anachoona, na Precious akamwonyesha duma aliyelala kivulini ambaye hata dereva hakuwa amemwona. Meneja alivua kofia. Barua ya kazi ilikuja, ikisema aripoti kambini mwezi wa kumi na moja, kabla ya mvua kubwa. Justina aliibusu ile barua. Mchana wake, kwa shukrani, alidondosha matone mawili badala ya moja.

Wiki mbili kabla ya kuripoti, jicho la kulia likaanza kuwasha.

Mwanzoni ilikuwa wekundu kidogo na machozi. Precious akanunua dawa ya matone dukani, akaendelea. Kisha likaanza kuuma, na maumivu yake hayakulingana na yalivyoonekana. Kwa nje lilikuwa jekundu tu, lakini Precious alijikunja kitandani anauma shuka. Mwanga ukawa adui, akaziba dirisha kwa khanga. Akampigia Naila, na Naila alisema neno moja kwa ukali, zitoe, halafu akasema lingine, njoo Mwanza kesho. Precious alizitoa. Mwanza hakwenda. Alisema akianza habari za hospitali kampuni itasikia, itampa mwingine nafasi. Kwamba litapona lenyewe. Kwamba ni vumbi.

"Ni vumbi tu, mayu."

Justina aliijua kauli ile. Sauti ilikuwa ya Precious lakini maneno yalikuwa ya Masalu. Badala ya kumburuta mtoto hadi stendi ya mabasi, ambalo ndilo jambo ambalo mama yeyote mwenye hofu nusu ya ile angelifanya, yeye alikimbilia chini ya kitanda. Precious alipopitiwa na usingizi, alimchora msalaba juu ya kope kwa kidole kilicholowa. Alifanya hivyo asubuhi, mchana na jioni, na kila jicho lilipozidi yeye naye alizidisha. Alikuwa anapambana na wivu wa mtu asiyemjua, kwa silaha pekee aliyokuwa nayo, na aliamini bila yeye jicho lingekuwa limeshapasuka.

Siku Precious alipolia kwa sauti, ndipo walipopanda basi.

Hospitali ya macho Mwanza walipokewa na daktari aitwaye Novatus, mtu mpole, mwenye kuuliza swali na kusubiri jibu. Alimtazama Precious kwenye mashine yake kwa muda mrefu. Justina alikaa kwenye kiti cha pembeni, mkoba mapajani.

"Hizi lenzi ziliwahi kugusa maji?" daktari aliuliza.

"Hapana, daktari."

"Fikiri vizuri. Kuzisuuza, kuoga nazo, kuogelea ziwani, kuongeza maji kidogo dawa ilipopungua?"

"Sijawahi. Hata tone. Naapa kwa jina la baba yangu."

Daktari alishusha pumzi. "Nakuuliza sana kwa sababu kuna kijidudu kinachoishi majini. Kikiingia chini ya lenzi kinalitoboa jicho pole pole, na kinauma kama hivi unavyoumwa. Dawa zake ni tofauti kabisa, na hizi za kawaida hazikigusi. Nitachukua kipimo, lakini kijidudu chenyewe kinajificha, mara nyingi hadubini haikioni. Kwa hiyo naongozwa na unachoniambia. Kama hakuna maji, nitatibu bakteria."

"Hakuna maji," Precious alisema tena.

Justina alikuwa hatua tatu kutoka pale. Alifungua mdomo. Alisema baadaye kwamba alifungua mdomo kweli, na mimi namwamini. Lakini ulimi ulikuwa mzito. Kusema maji ya Pasaka yana mdudu! Yeye, mwenyekiti, aliyewafundisha wengine kuyanyunyiza. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Iliyo ya kweli ilikuwa ndogo zaidi na yenye aibu zaidi: Precious alikuwa amekaa pale, jicho moja limefungwa, na akisikia angejua ni mkono wa nani. Mungu angemsamehe, hilo Justina hakulitilia shaka. Mtoto ndiye aliyemwogopa. Akaufunga mdomo.

Precious akalazwa, akaanzishiwa matone ya bakteria. Mama ndiye aliyekuwa akimwekea, maana mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa manesi, na Precious alisema wao wanamchoma. "Wabeja, mayu," alikuwa akimshukuru kila tone likiingia. Justina alikuwa akitoka nje akilia, na ndugu wa wagonjwa wengine wakawa wanamsifu kwa uchungu alio nao kwa mwanawe.

Siku ya pili ya kulazwa, akampigia simu Padri Januarius. Alisimulia yote haraka haraka, kama kitubio, akamalizia kwa kuuliza, "Sasa baba, maji uliyobariki yanaweza kuwa na mdudu?"

Padri aliuliza kwanza, "Uliyachota wapi?"

"Lamboni."

"Justina, baraka haichemshi maji. Mimi nikibariki wali uliochacha, nitaubariki, nitaula, na nitaharisha. Umemwambia daktari?"

"Bado."

"Nenda sasa hivi. Usimalize hata kuongea na mimi."

Alikata simu, akaenda moja kwa moja hadi mlango wa daktari. Naye daktari alikuwa chumba cha upasuaji. Akarudi wodini kumsubiri, na hapo akamkuta Precious ameketi, amekula uji, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi. Anasema maumivu yamepungua. Anasema meneja amepiga simu, amempa wiki mbili zaidi, atamshikia nafasi. "Dawa inafanya kazi, mayu. Nitakwenda." Na Justina, aliyekuwa amelishika neno mdomoni, akalimeza. Kama dawa inafanya kazi, basi hapakuwa na mdudu. Kama hapakuwa na mdudu, basi hakuna la kusema. Hapa ndipo ninapomkasirikia, na nimejaribu nisimkasirikie. Waliosema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe walimaanisha kitu kingine, lakini yeye alichelea machozi ya mwanawe kwa namna yake, na hasara ikawa ya wote wawili.

Kesho yake asubuhi nesi aliinua bandeji. Katikati ya jicho, mahali panapotakiwa kuwa peusi, palikuwa na duara jeupe, limejikunja kama pete. Precious alikuwa amelifumba jicho la kushoto, anaitazama taa kwa hilo la kulia na kuuliza kwa nini hawajaiwasha.

Justina alimkuta Daktari Novatus koridoni. Alimshika koti, mbele ya watu, akasema yote akiwa amesimama: dumu, lambo, kidole, kikopo, kope. Hakulia. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, na usoni mwake hakukuwa na hasira, ila uchovu ambao Justina aliuona kuwa mbaya kuliko hasira.

"Mama, nilipouliza ulikuwepo."

"Nilikuwepo, baba."

"Ningeanza siku ile ile." Akaacha hapo, maana hakuwa mtu wa kumpiga aliyeanguka. Akaita nesi, akaagiza dawa nyingine, ya kuwekwa kila saa, mchana na usiku, kisha akasema matibabu yatachukua miezi. "Jicho lenyewe nadhani tutalibakiza. Kuona kwake, siwezi kuahidi. Kwa mbali, hata usiniulize."

"Usimwambie mwanangu kwamba ni mimi."

"Ataniuliza kwa nini nabadili dawa, na mimi simdanganyi mgonjwa wangu. Mwambie wewe. Nitasubiri kidogo hapa nje."

Akaingia. Precious alikuwa amelala chali, kitambaa juu ya macho yote mawili kwa sababu ya mwanga. Justina alivuta kiti. Akaanza na Felisita, akaanza na wivu wa watu, akaanza na Masalu. Akazunguka kote huko kabla ya kufika kwenye kikopo. Alipofika, alisema kwa maneno machache. Kisha akapiga magoti sakafuni, mtu mzima, mbele ya kitanda cha mtoto aliyemzaa, jambo ambalo kwetu halifanyiki.

"Ng'wana wane, nisamehe."

Nje mtu akawa anaburuta ndoo. Precious akauliza kutoka chini ya kitambaa:

"Ulikuwa unatia kila siku?"

"Kila siku."

"Kwa ajili ya macho ya watu."

"Niliogopa, mama yangu. Niliogopa uwe kama baba yako."

"Inuka, mayu. Sakafu ina baridi." Justina akainuka, na moyo wake, maskini, ukainuka pia. "Hayo maji nimekusamehe. Kweli nimekusamehe. Uliyatia kwa kunipenda, nani asiyejua unavyonipenda?"

Justina akaanza kulia kwa shukrani. Precious akamwacha alie, kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya upole:

"Daktari aliponiuliza, ulikuwa umekaa wapi?"

"Pale kwenye kiti. Pembeni."

"Ulinisikia naapa kwa jina la baba."

Justina aliuvuta mkoba wake mapajani.

"Ulinisikia, mayu. Ulikaa pale na mkoba wako, ukaniacha niape. Halafu ukanitia zile dawa kwa mkono wako, kila saa, na mimi nakuambia wabeja."

Mlango ulifunguliwa, nesi akaingia na chupa ya dawa mpya kwenye sinia. Alimwona Justina, akampelekea chupa moja kwa moja, maana wodi nzima ilikuwa imezoea kwamba kwa mgonjwa huyu mama ndiye mwenye mkono. Justina akajifuta machozi, akanawa kwa sabuni, akakausha vidole kimoja kimoja. Akanyoosha mkono kukiondoa kitambaa.

"Nesi," Precious alisema, "naomba uniwekee wewe."

"Mama yupo hapa, dada. Si ulisema sisi tunakuchoma?"

"Niwekee wewe."

Nesi alimtazama mama, akamtazama binti, akaichukua chupa. Justina alitoka, akaenda kukaa kwenye benchi la nje pamoja na ndugu wa wagonjwa. Kila saa ilipofika, alimwona nesi akipita na sinia, na kila mara aliinuka, akasimama mpaka mlango ufungwe, akakaa tena.